Umbo Lililokosa Nafasi Kichwani

Jumanne moja ya Februari mwaka 1983, saa mbili kasoro asubuhi, Daktari Verna Sawatzky aliegesha gari lake ubavuni mwa Jengo la Pruden, chuo kikuu, akauvuta waya uliokuwa ukining'inia mbele ya boneti na kuuchomeka kwenye soketi ya ukutani ili injini isigande kabla ya jioni. Magari ya wenzake yalikuwa yameshapangwa pale, kila moja na waya wake, kama mbuzi waliofungwa kambani. Baridi ilikuwa ya kawaida ya jimbo la Saskatchewan, ya kugandisha kope. Verna aliukagua waya mara ya pili, kisha akaingia ndani na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Ghorofa ya tatu yote ilikuwa ya Profesa Lorne Haugen, na humo ulichunguzwa ubongo. Verna alikuwa amefanya kazi pale miaka sita kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, uliotiwa saini kila Mei kana kwamba ndiyo kwanza yeye na chuo wanajuana. Meza yake ilikuwa ndani ya chumba cha mashine ya kunakilia, na mtu akitaka nakala ilibidi asimame ili apite. Lakini mwaka huo chuo kilikuwa kimetangaza nafasi moja ya uhadhiri wa kudumu. Verna aliitaka nafasi ile. Aliitaka kiasi cha kuogopa kuitaja kwa sauti, ingawa kimyakimya alishachagua rangi ya mapazia ya ofisi yake.

Mshindani wake alikuwa mmoja tu, Daktari Clive Strachan, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, aliyeajiriwa kwa muda mwaka uliopita na ambaye bado kila alipokwenda maktaba alitokea bwawa la kuogelea.

Kazi ya pale ilikuwa kupima fikra za wanaume na za wanawake na kuona zinaachana wapi. Watu wa mjini walijitolea, wakapewa kahawa na keki, wakaketi mbele ya kadi. Kila kadi ilikuwa na picha mbili za maumbo yaliyojengwa kwa michemraba, moja imelala hivi na nyingine imelala vile, na mtu alitakiwa aigeuze ya kwanza akilini mwake na kusema kama ni umbo lilelile au ni jingine. Anayesimamia alishika saa. Wanaotumia mkono wa kushoto walipewa keki na kurudishwa nyumbani, kwa kuwa waliharibu hesabu.

Profesa Haugen alikuwa mtu mwema. Alivaa sweta alizofumiwa na mkewe, zenye nyota za pembe nane zilizoingiliana mabegani na kukutana sawasawa mgongoni, ambazo mama yule alizifuma huku akisikiliza redio, bila mchoro wowote. Na alikuwa na nadharia. Mwanaume, alieleza, huweka maneno katika nusu ya kushoto ya ubongo na maumbo katika nusu ya kulia, kila kitu na chumba chake, mlango umefungwa. Mwanamke hutandaza maneno pande zote mbili. Basi umbo likibisha hodi kwa mwanamke linakuta sebule imejaa mazungumzo, na halina pa kukaa.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kama jikoni siku ya Krismasi," alisema Bi Bohdana Hrycak, katibu muhtasi wa idara, mara ya kwanza alipoelezwa.

"Kwa maana nzuri kabisa, Bi Bohdana."

"Nashukuru. Nilidhani unanitukana."

Jumanne hiyo Profesa alikuwa na shida. Kundi la wanawake lilikuwa limepungua mtu mmoja, na mwanamke aliyeahidi kuja hakutokea, kwa sababu wiki ile mjini kulikuwa na mashindano ya wanawake ya kusukuma mawe kwenye barafu. Mawe yale huachwa mkononi yakizunguka polepole, yakapinda njiani, yakalipita la adui na kwenda kukaa nyuma yake pale hasa alipopakusudia mchezaji, mwisho kabisa wa uwanja. Profesa aliyapenda sana mashindano hayo na aliyahesabu kuwa ni michezo.

"Bi Bohdana, hebu njoo wewe," alisema.

"Mimi ulishanipima, Profesa. Mara mbili. Ya pili ukaifuta, ukasema nilikuwa natabasamu."

"Basi Verna. Kaa wewe."

"Kadi nimezichora mimi, Profesa. Nazijua kama mfuko wangu."

"Ziko mpya alizochora Clive, hujawahi kuziona. Hebu kaa, mama, asubuhi inatuishia."

Verna alikuwa amewapima mamia ya watu lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Akaketi. Clive akashika saa na kufunua kadi ya kwanza. Verna akalishika lile umbo la kushoto kwa kona yake, akilini, kama mtu anavyoshika kiti kwa mgongo, akaligeuza. Jengo la Pruden likageuka naye.

Liligeuka taratibu, bila kishindo. Kikombe cha Profesa kikateleza mezani kikasimama ukingoni. Jua lililokuwa juu ya kabati la mafaili likatembea ukutani, likapita usoni mwa Clive na kutulia kwenye sinki. Chini nje zilisikika soketi zikitoa nyaya za magari, moja baada ya nyingine.

"Ni lilelile," alisema Verna.

Bi Bohdana alichungulia mlangoni, buti moja mguuni na nyingine mkononi. "Nani kageuza jengo?" akauliza, kwa sauti ileile anayotumia kuuliza nani kamaliza maziwa.

"Ni Verna," alisema Clive. "Tuko kwenye kadi ya kwanza."

"Basi nisubiri mmalize zote ndipo nikachomeke nyaya. Sitaki kushuka mara mbili na baridi hii."

Wakaendelea. Umbo lilipokuwa lilelile, jengo liligeuka mpaka pembe iliyoonyeshwa kwenye kadi na kusimama. Lilipokuwa jingine, jengo lilianza kugeuka, likasita kidogo kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake, kisha likarudi. Mwisho wa kadi Clive aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

"Umepata zote," alisema. "Na hakuna mtu aliyewahi kuzimaliza haraka hivi. Hata mimi. Hasa mimi."

Verna alifurahi waziwazi, uso ukamwaka mpaka masikioni. Miaka sita alikuwa akiamini kwamba wanawake wanatofautiana wao kwa wao, na wanaume wao kwa wao, kuliko makundi hayo mawili yanavyotofautiana, na leo alikuwa ameikalia hoja yake mwenyewe kwenye kiti. Moyoni alijiambia kwamba kamati haiwezi kuliruka jambo hili. Jengo la ghorofa tatu ni kitu kikubwa.

Profesa Haugen alikuwa amesimama dirishani. Dirisha lile lilikuwa limetazama mto tangu alipolipata, na alilipata baada ya kusubiri watu wawili wastaafu na mmoja afe. Sasa lilitazama bomba la moshi la boila.

"Verna," alisema kwa upole, "unaweza kunirudishia mto?"

Verna akamrudishia. Profesa akashukuru.

Mchana alikuja fundi wa mabomba. Akashuka chini ya jengo na tochi, akakaa huko kidogo, akapanda akisema kwamba mabomba yote ni mazima, yamezoea. Bi Bohdana alimpa sahani ya perogi, maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, fundi akala akaondoka. Kuzunguka jengo lote theluji ilikuwa imechorwa duara safi, na watoto wa shule ya jirani walikuja kulitelezea.

Profesa mwenyewe, alipotoka jioni kwa mlango mkuu, alikwenda moja kwa moja mahali alipoacha gari, akakuta miti. Jengo lilikuwa limerudishwa kwa ajili ya mto wake, lakini si sawasawa kabisa. Alisimama akiitazama ile miti.

"Profesa, gari liko upande wa pili!" Bi Bohdana alimwita kutoka dirishani.

"Najua!" alijibu. "Natazama miti."

Akaitazama hadi giza lilipoanza kuingia.

Asubuhi iliyofuata alimwita Verna ofisini. Hakuwa amelala vizuri, lakini alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. Alimvalisha vipokea sauti vya masikioni, akamchezea maneno mawili kwa pamoja, moja sikio hili na jingine sikio lile, na Verna akayataja yote mawili, kila mara, bila kukosea.

"Unaona?" alisema Profesa. "Maneno yamejaa pande zote. Kumebanana humo."

"Yamejaa au nayasikia?"

"Ndiyo hilo. Sasa nisikilize. Umbo linakuja kwako, linabisha hodi, halioni pa kukaa kichwani. Litafanya nini? Linatoka nje. Linalisukuma jengo."

Verna alivivua vile vipokea sauti. "Unasema nimeligeuza jengo kwa sababu siwezi kugeuza umbo."

"Nisingelisema kwa ukali huo. Lakini ndiyo. Mwanaume hulimaliza kichwani mwake, kimya kimya, na jengo halipati habari. Ni nadharia yetu hasa, Verna. Hatujawahi kuipata kwa uwazi namna hii." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Matokeo yako siwezi kuyahesabu, bila shaka, maana kugeuza kumefanyika nje ya kichwa. Umesaidiwa na jengo. Lakini nitakutaja kwenye shukrani."

Wiki ya mashindano ya barafu ikaisha na wanawake wa mji wakarudi kupimwa. Wengine walikosa kadi nyingi na jengo likatulia tuli, kama lilivyotulia kwa wanaume kadhaa waliokosa vilevile, jambo ambalo Verna alilieleza kwa uangalifu na Profesa akalisikiliza haraka haraka. Wengine waligeuza. Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani aliligeuza jengo kwa mkupuo mpaka madirisha yakalia. Bibi mmoja mshonaji wa mablanketi ya viraka aliligeuza pole pole, akalipumzisha katikati, akaomba maji, akamalizia. Mama wa watoto watano alilizungusha mzunguko mzima na kulirudisha pale pale, na hakuna aliyejua isipokuwa Bi Bohdana, ambaye siku hizo alishajifunza kukiangalia kikombe chake kikiteleza mezani.

Wote waliogeuza jengo walipata kadi zote. Wote wakaondolewa kwenye hesabu, pamoja na wanaotumia mkono wa kushoto. Waliobaki walitoa picha safi sana: wanaume juu, wanawake chini, na katikati nafasi ya kupitisha trekta.

Mwanzoni mwa Aprili Clive aliomba naye apimwe, kwa kadi mpya alizochora Verna. Alikunja uso, akashika meza kwa mikono miwili. Kwenye kadi ya tisa jengo lilisogea upana wa kiganja, kwa upande usio wake, na vumbi kidogo likamwangukia Profesa kwenye sweta. Kadi yenyewe alikosa.

Profesa Haugen aliinuka akampa mkono. "Nguvu," alisema. "Nusu ya kulia yenye nguvu kiasi cha kuhisiwa na matofali! Daktari Strachan, hilo nataka liwe na ukurasa wake katika makala."

"Nimekosa, Profesa," alisema Clive. "Na nadhani nimelisogeza kinyume."

"Mwelekeo ni suala dogo. Kipaji kipo."

Verna alikuwa ameshika saa. Aliiweka mezani. "Profesa, mimi nikiligeuza ni kwa sababu umbo limekosa nafasi. Clive akilisogeza ni nguvu. Hebu nieleze, mimi sielewi."

"Clive amekusudia. Umemwona alivyojikaza. Wewe lilikutoka tu, hata jasho hukutoa."

"Kwa hiyo kosa langu ni kwamba ilikuwa rahisi?"

"Hakuna aliyesema kosa, mama," alisema Profesa kwa masikitiko ya kweli, kwa kuwa hakupenda kumwona mtu amekasirika, hasa mtu aliyemchukulia kama binti yake. "Mbona unaichukua kama jambo la mtu binafsi?"

Verna alikwenda chumba cha kunakilia akafunga mlango, akalia huku mashine ikitoa nakala za mtu mwingine. Alikasirika, na aliona aibu kwamba amekasirika, na aibu ile ikamzidishia hasira. Clive akabisha mlango.

"Verna, mimi najua unastahili wewe. Kila mtu anajua."

"Waambie kamati."

"Niliwaza hivyo." Clive alikuna ndevu. "Lakini mke wangu anakaribia kujifungua."

"Basi nipishe, Clive, karatasi zimekwama."

Usaili ulifanyika mwisho wa mwezi huo huo, ghorofa ya kwanza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mkuu wa Kitivo, Bwana Tennant, aliyefika amechelewa kwa kuwa mlango haukuwa pale alipouzoea. Verna alivaa koti la bluu. Alieleza kazi yake kuanzia mwanzo: jinsi tofauti ilivyopungua watu walipopewa muda zaidi, jinsi ilivyopungua tena walipopewa mazoezi, jinsi ilivyokaribia kwisha kabisa pale wanawake wote waliopimwa walipohesabiwa. Alisema vizuri, bila kutazama karatasi, na kamati ilimsikiliza kwa heshima.

"Niulize moja," alisema Bwana Tennant. "Kazi ya uhadhiri ina mambo mengi kwa wakati mmoja. Utaweza kufikiri bila kugeuza jengo?"

"Naweza. Nafikiri mambo mengi kila siku na limetulia. Linageuka nikiligeuza."

"Lakini liligeuka."

"Ndiyo. Niliulizwa nigeuze."

Kamati ilicheka, kicheko cha watu wenye nia njema. Mmoja akamuuliza kama ana mpango wa kuolewa. Mwingine, wa idara ya jiografia, ambaye ofisi yake ilikuwa upande wa kaskazini na haikuwahi kuona jua tangu ijengwe, akasema hana swali, ila tangu Februari amekuwa akipata jua siku mojamoja na anashukuru sana.

"Hata mimi nilitaka kuligusia hilo," alisema Bwana Tennant. "Tufikirie pamoja."

Walifikiri pamoja siku tatu, kisha wakampa Clive Strachan uhadhiri wa kudumu. Verna walimpa tena mkataba wa mwaka mmoja, na safari hii uliongezwa kifungu kuhusu jengo. Kila asubuhi angeligeuza ili jua liingie ofisi za kaskazini, mchana angeurudisha mto kwa Profesa, na siku za dhoruba ya theluji angeuondoa mlango mkuu kwenye upepo. Bwana Tennant alimwandikia kwa mkono wake kwamba jengo halijawahi kuwa na watu wachangamfu kiasi hiki, na kwamba wanawake wana kipaji cha pekee cha kufanya mahali pakalike.

"Utasaini?" aliuliza Bi Bohdana.

"Niende wapi? Maabara ya ubongo mjini hapa ni hii moja."

"Mimi ningesaini, halafu ningemgeuzia Profesa dirisha lake litazame choo."

Verna alisaini. Lakini mwezi Juni, joto lilipopanda, alikaa kwenye chumba chake cha kunakilia na hakugeuza chochote. Jengo likabaki lilipo. Jua la mchana likampiga Profesa utosini mpaka akahamia chini ya meza na mafaili yake. Kwenye korido watu walisema kwamba tangu akose kazi Verna amekuwa mchungu, na mtu wa jiografia alimletea jamu ya beri aliyopika mkewe, akaiweka mlangoni na kuondoka kwa ncha za vidole. Profesa hakukasirika hata kidogo. Alitoka chini ya meza siku ya nne akiwa na sehemu mpya ya makala yake, inayoeleza jinsi hisia za mwanamke zinavyoathiri uwezo wake wa kugeuza majengo.

Verna angeweza kuvumilia hilo na mengine. Ila Bi Bohdana, ambaye meza yake ilikuwa dirisha la magharibi, alikuwa ameanza kupiga chapa akiwa na taulo la maji kichwani, na hakuwa amesema neno. Siku ya tano Verna alipita pale, akamwona, akasimama. Jua likaondoka taratibu juu ya meza ile, likatembea sakafuni na kutoka mlangoni.

"Usingefanya," alisema Bi Bohdana bila kuinua macho. "Nilikuwa naweza."

"Najua ulikuwa unaweza."

"Wapuuzi hawa watadhani umetulia."

"Wameshadhani. Nimemsikia Tennant ngazini."

Bi Bohdana akavua taulo, akalikamua kwenye chungu cha maua. "Mwanangu," alisema, "mimi nina hasira kwa niaba yako, basi wewe pumzika kidogo. Nenda kale."

Mwezi Agosti wataalamu wa ubongo walikuja mjini kwa mkutano wao mkubwa, kutoka Toronto na Boston na kwingineko, watu ambao kwa kawaida huiona Saskatchewan kwa juu, wakiwa ndani ya ndege. Walikuja kwa sababu ya jengo. Asubuhi walipelekwa uani wakasimama kwenye nyasi na vikombe vya kahawa, Verna akaligeuza mara mbili, kushoto na kulia, wakapiga picha. Mmoja wao, bwana mzee mwenye fimbo, alimuuliza Profesa Haugen mtambo uko wapi. Profesa alimwonyesha Verna, na bwana yule akamtikisa mkono Verna akamuuliza ameuendesha kwa muda gani.

Alasiri ulikuwa wakati wa Profesa kuzungumza, katika ukumbi wa ghorofa ya chini. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Clive alikaa safu ya mbele na kadi ya jina iliyoandikwa cheo chake kipya. Mtoto alikuwa hamlazi usiku, na macho yalikuwa yamemvimba. Bi Bohdana alikuwa mlangoni akigawa programu. Verna aliwekewa kiti pembeni, karibu na projekta, kwa kuwa slaidi zote ni yeye aliyezitengeneza.

Profesa Haugen alianza kwa kushukuru. Akaeleza vyumba viwili vya mwanaume na sebule iliyojaa ya mwanamke, na watu wakacheka mahali panapostahili. Akaeleza kadi. Kisha akasema kwamba sasa ataonyesha mchoro wenyewe, matunda ya kazi ya miaka saba, unaothibitisha pasipo shaka kwamba wanawake hawana uwezo wa kugeuza kitu kikubwa akilini, na akaashiria slaidi iwekwe.

Verna akaiweka. Lakini ilikuwa saa ya jua kali, na mapazia ya ukumbi yalikuwa yamepelekwa kufuliwa. Mwanga uliingia kwa madirisha ya magharibi ukaanguka wote juu ya kitambaa cheupe, na hakuna aliyeona kitu isipokuwa weupe. Watu wakakunja macho. Mtu wa nyuma akasema, "Hatuoni huku!"

Profesa aligeuka, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Verna," alisema. "Tafadhali."

Wanawake waliokuwamo ukumbini, na hawakuwa wengi, walimtazama. Bi Bohdana akaacha kugawa programu. Verna alikaa kidogo mikono mapajani, akiutazama ule weupe ambao ndani yake kulikuwa na mistari aliyoipiga kwa rula yake mwenyewe, mmoja juu na mmoja chini, na hakuna aliyejua zaidi yake ni watu gani hawakuwamo. Alifikiria kuuacha weupe ubaki. Akafikiria pia Mei, na mkataba.

Ukumbi ukageuka, pamoja na watu wote na viti vyao na ghorofa mbili za juu, taratibu sana ili maji yasimwagike kwenye glasi ya msemaji. Jua likateleza ukutani na kuzimika. Mchoro ukaonekana vizuri, hata kwa waliokaa nyuma kabisa.